Ndui Iliyonifungia Nyumbani na Mama Mkwe

Kama umefungiwa kwa sababu ya ndui, na mtu amesimama mbali anakusomea haya kwa sauti, neno langu la kwanza kwako ni hili: usijikune. La pili, omba ukatiwe majani mabichi ya mgomba uyalalie, maana ngozi itanata kwenye mkeka na kila ukigeuka utaacha kipande. Mengine yote yanaweza kusubiri nikueleze.

Mimi si mganga. Shuleni kwa mapadri nilikaa misimu miwili tu ya mvua. Nilipokwisha kujua kusoma na kuandika, msafara ukapita dirishani ukiwa na nta na mpira, nikaomba ruhusa ya kwenda kukojoa, nikarudi baada ya mwaka. Tangu hapo nimebeba mizigo ya watu kutoka Songea hadi Kilwa, kutoka Songea hadi Lindi, kutoka Songea hadi ziwani. Sikupenda mizigo. Nilipenda kujua kuna nini nyuma ya kilima. Hata baada ya kuoa na kujenga ng'ambo ya Mto Luhira sikutulia. Mke wangu, Mama Otilia, alikuwa akiwaambia watu kwamba nyumba ile niliijenga ili nipate mahali pa kuondokea.

Nilirudi mwisho wa kiangazi, watu wakichoma mashamba na anga lote limejaa moshi. Tangu Namtumbo mgongo ulikuwa ukiniuma kama umepigwa rungu, na usiku nilitetemeka. Kambini nyuma tulikuwa tumemwacha mwenzetu mwenye homa, na hakuna aliyeuliza ni homa gani. Hilo ndilo kosa letu wapagazi. Mgongo ukiuma, tunalaumu mzigo.

Nilifika nyumbani mchana. Nikasimama penye uwazi wa ua na kukohoa mara mbili, kama ilivyo desturi, ili mama mkwe ajifiche.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani, mpaka mkwe amletee jembe jipya na kumkabidhi mbele ya watu. Siku hiyo ndipo mama mkwe hufunua uso. Kabla ya hapo, kukiwa na neno la lazima, huambiwa kitu kilicho karibu, jiwe la kusagia au chungu, na mwingine hukijibu kitu hichohicho. Mimi kila mwaka nilisema jembe litakuja. Binti yangu Otilia alikuwa ameshaanza kung'oka meno ya utoto, na jembe bado. Mama mkwe alikuwa akiishi kwetu tangu vita ya Maji Maji ilipomchukua mumewe na wanawe wawili, na njaa iliyofuata ikawamaliza waliobaki. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, mlango umeelekea upande mwingine. Nilimjua kwa kikohozi na kwa nyayo zake mchangani. Uso wake sikuwahi kuuona.

Basi nikakohoa. Otilia akapiga kelele, "Baba!" akatimua mbio kunijia. Mke wangu akatoka jikoni akijifuta mikono.

"Mama Otilia," nikamwambia, "nitengee maji ya moto. Mgongo na homa vimenila tangu Namtumbo."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka nyuma ya nyumba, kali kama ya askari anayefundisha gwaride.

"Otilia! Simama hapohapo! Ukisogea nakuvunja mguu!"

Mtoto akasimama. Na mimi nikasimama.

"Mama Otilia, mshike mtoto. Na wewe na tumbo lako usimguse mume wako. Mtungi! Mwambie huyo mwanamume atue mzigo na afunue kifua."

Mtungi wa maji ulikuwa penye mlango wa jiko. Nikatua mzigo, nikafunua kifua, na hapo ndipo nilipogundua mambo mawili kwa pamoja: kwamba kifuani nina vipele vyekundu, na kwamba mke wangu ana mimba ambayo sikuwa na habari nayo.

"Mtungi, muulize mdomoni kuna vidonda?"

Nikautazama mtungi. "Mtungi, mwambie mama vipo."

"Basi ndiyo yenyewe."

Mke wangu akakaa chini, mtoto amemkumbatia mapajani. Akanitazama. "Safari zote hizo," akasema, "hujawahi kuniletea hata kaniki. Leo umeleta."

Jumbe alikuja kabla jua halijashuka, akasimama mbali na wanaume wanne na machela. Kulikuwa na banda la wagonjwa wa ndui upande wa pili wa bonde. Chakula kiliachwa njiani, na asiyeweza kutambaa hakula. Wote tulilijua banda lile. Mama mkwe akatoka akiwa amejifunika shuka kuanzia kichwani hadi magotini, akaenda kuzungumza naye. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta wa kibanda cha kuwekea mahindi, kwa adabu, lakini masikio yalikuwa yangu.

"Mimi ilishanila nikiwa mtoto," alisema. "Hainirudii. Nitamuuguza mwenyewe."

"Huyu ni mkwe wako, mama," jumbe akasema. "Utamwoshaje?"

Wale wanaume wakacheka kichinichini.

"Kesho kutwa macho yake yatafumba kwa uvimbe. Asiyeniona amenikosea heshima gani?"

"Na akifumbua?"

"Akifumbua nitageuka mimi. Nyinyi mnacheka nini? Kama kuna mwenye mgongo wa kumbeba na haogopi kuugua, aje ambebe."

Hakuna aliyekuja. Jumbe akatoa masharti yake kwa sauti, ili wote tusikie. Atafunga kamba ya gome la mti penye njia ya kuingia kwetu. Hakuna atakayeivuka, ila mama mkwe akienda mtoni na shambani, mpaka kigaga cha mwisho kidondoke mwilini mwangu. Mwingine yeyote humu akiugua, wote tutabebwa hadi bandani, mtoto na mwenye mimba pia. Kisha akaamuru mzigo wangu uchomwe palepale nilipoutua. Nililala kibandani nikinusa moshi wa nguo na mpini wa jembe. Ndiyo, safari ile nilikuwa nimelileta.

Siku ya tatu macho yalifumba. Sitakueleza mwili ulivyokuwa, wewe mwenye ndui unaujua, na asiyekuwa nayo haimsaidii. Nitasema tu kwamba sikuwa na uso tena. Nilikuwa na kitu kizito, chenye joto, kilichokuwa mbele ya kichwa changu. Harufu yangu ilinifanya nione aibu. Sauti ilikauka kwa vidonda vya koo.

Na kwenye giza lile kulikuwa na mikono. Iliingiza mrija wa mwanzi pembeni mwa mdomo na togwa ikapita, baridi, kidogo kidogo. Ilibadilisha majani ya mgomba asubuhi na jioni, ikinigeuza kama unga unavyogeuzwa kwenye ungo, bila kuumiza. Ikanishika viganja nilipotaka kujikuna, ikavifunga kwa vitambaa. Mama mkwe hakusema neno wakati wa kazi. Akimaliza, alikaa nje ya mlango na mtungi wake, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

"Mtungi, mwambie amemaliza siku ya sita. Ya saba na ya nane ni mbaya. Baada ya hapo ni kuwashwa tu."

"Mtungi," nikasema kwa tabu, "muulize mama alijuaje."

Ni udadisi tu. Udadisi wangu haukuwahi kuugua. Na kwa kuwa nilikuwa sina mahali pa kwenda, niliuliza, na yeye akaujibu mtungi. Ndivyo nilivyojua kwamba mama mkwe wangu alizaliwa mbali kule ziwani, akachukuliwa mateka na Wangoni akiwa na umri wa Otilia, akatembezwa siku nyingi milimani. Njiani ndui ikamwangusha, wakamwacha kando ya njia na kibuyu cha maji. Akapona peke yake. Kisha, kwa kuwa hakujua njia ya kurudi, akafuata nyayo za walewale waliomwacha, akawakuta Songea.

"Peke yako?" Nilisahau mtungi.

Mama mkwe akasema, "Mtungi, mwambie huyo aongee na wewe."

Mimi niliyedhani nimetembea! Miaka yote nilikuwa nikivuka mito kutafuta habari za watu, na habari kubwa kuliko zote ilikuwa nyuma ya nyumba yangu, mlango umeelekea upande mwingine.

Mke wangu alikaa ng'ambo ya ua, mbali, mgongo kwenye ukuta wa jiko, akizungumza nami kwa kupaza sauti. Mwanzoni tuligombana. Alikuwa na maneno ya miaka mingi: mwaka wa njaa alipochimba mizizi porini na mimi sijulikani niko wapi, paa lililovuja masika mawili, mtoto aliyezaliwa na kufa kabla sijamwona. Zamani ugomvi ukifika katikati nilichukua fimbo yangu nikaenda kumtafuta mnyapara. Safari hii sikuweza. Nikausikiliza mpaka mwisho, siku baada ya siku, na niseme kweli, sikujua kwamba ugomvi una mwisho. Wa kwetu uliisha jioni moja aliponiuliza, "Sasa mbona hujibu?" nikasema mdomo umejaa vidonda, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo, na nyuma ya kibanda nikamsikia mama mkwe naye akicheka ndani ya shuka lake.

Kila asubuhi mama mkwe aliwapanga mke wangu na Otilia uani, akawatazama ndimi, vifua na viganja. Nilimsikia akihema. Akisema, "Nendeni mkale," nami nilihema. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu. Saa nyingine zote, tangu kuchomoza jua hadi kuchwa, zilikuwa za kungoja asubuhi nyingine.

Macho yalifumbuka siku moja, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia. Kitu cha kwanza kukiona kilikuwa mgongo wa mama mkwe akitoka haraka mlangoni, shuka kichwani. Kuanzia hapo aliniletea chakula akirudi kinyumenyume, akakisukuma kwa mguu. Otilia aliona ni mchezo mzuri kuliko yote, akaanza kuleta maji kwa mama yake kinyumenyume, mpaka akamwaga.

Nilimfundisha Otilia herufi. Mimi nilikaa mlangoni mwa kibanda, nikichora mchangani kwa ufito mrefu wa mwanzi, naye akakaa ng'ambo akichora kwenye majivu. Herufi ya O aliijua mara moja. "Hii ni mdomo wa mtungi," alisema. Kufikia vigaga vya usoni kuanza kudondoka, aliweza kuandika jina lake lote, na jina la bibi yake, ambalo mimi sikulijua mpaka alipoliuliza.

Kisha ikaja siku ya baragumu.

Nilikuwa na nguvu. Nilikuwa nimekula ugali. Uso ulikuwa umekauka, kifua kimekauka, mikono imebaki na madoa tu. Mawingu ya kwanza yalikuwa yamesimama upande wa milima ya Matengo, na barabarani baragumu likalia, msafara wa mwisho kabla ya mvua. Mnyapara alinijua. Akaniita kutoka barabarani kwa jina langu la safari: "Wewe Mguu! Umepona? Tunakwenda ziwani! Nina mzigo mwepesi wa kwako!"

Ziwani. Mahali alikozaliwa mama mkwe. Ningepaona kwa macho yangu, ningerudi na habari. Nilikwisha kusimama. Fimbo ilikuwa mkononi, wala sikumbuki niliichukua lini. Mke wangu akapiga kelele, "Baba Otilia, nyayo! Nyayo zako bado!" Ni kweli, visiginoni na chini ya vidole vilibaki vigaga vigumu vilivyozama ndani ya ngozi. Nyayo za mpagazi ni nene kama kwato. Lakini nyayo nani anaziona? Ukizikanyaga, ziko chini.

Nilifika penye kamba. Nikainua mguu kuiruka.

Mbele yangu, upande wa pili wa kamba, nikaona miguu miwili naijua. Nyayo zile za mchangani. Kisha shuka likaanguka juu ya miguu ile, lote, rundo zima.

"Leo sina mtungi," mama mkwe alisema. "Pita. Kama una macho ya kupita usoni kwangu, pita."

Sijawahi kugeuka haraka vile maishani mwangu. Nilijikwaa kwa fimbo yangu mwenyewe nikaanguka kifudifudi, nikatambaa hatua mbili nikiwa nimefumba macho, nikasimama na kukimbilia kibandani. Barabarani wapagazi wakapiga vicheko na mbinja. "Mguu amefungwa na mkwewe!" Baragumu likalia tena, mbali zaidi, halafu mbali zaidi, halafu basi.

Nililala nikiutazama ukuta. Nilikuwa na hasira, na nilijua hasira haina haki. Mwanamke yule alikuwa amevunja heshima yake ya miaka yote, mbele ya msafara mzima wa wanaume, ili mimi nisiondoke na ndui miguuni na kuipanda kila kambi mpaka ziwani kwao. Na ili jumbe asipate sababu ya kuleta machela kwa binti yake.

Baadaye nikasikia sauti mlangoni.

"Mtungi, mwambie atoe miguu nje, na ajifunike kichwa."

Nikajifunika, nikatoa miguu. Akaja na mwiba na maji ya chumvi. Siku tano, kila asubuhi baada ya kuwatazama mke wangu na mtoto, alichokonoa vigaga kutoka kwenye nyayo zangu kimoja kimoja, akavitia motoni. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa chini ya shuka. Niligundua kwamba chini ya shuka kuna joto, na kwamba unasikia vizuri sana. Kwa miaka yote ile alikuwa akinisikia.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya tano, na asubuhi yake kumbikumbi wakatoka ardhini kwa wingi hata ua ukawa kama unachemka. Otilia na mama yake waliwakusanya kwa nyungo, wakicheka, mabawa yamewajaa nyweleni. Tuliwakaanga, tukala, wao jikoni na mimi mlangoni kwangu. Nimekula vyakula vya pwani vyenye viungo vyote. Sijala kitu kama kile.

Jumbe akaja, akaninyanyua miguu mmoja mmoja kwa ncha ya fimbo yake, akatazama vidole, akatazama mke wangu, akatazama mtoto. Akaikata kamba. Akasema, "Katika nyumba zote nilizofunga kamba, hii ndiyo pekee ambayo sikuchimba kaburi." Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ninajivuna nayo, na sifichi.

Jumbe akatutuma bomani kwa daktari wa serikali, tukakaa barazani tangu asubuhi mpaka jua la utosi, tumeegemea ukuta, mstari mrefu wa watu wenye nyuso mpya. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake ili ajue yeye mwenyewe anafananaje, maana wengi hatukuwa na kioo. Mzee mmoja pembeni yangu alinitazama, akaniambia, "Wewe imekuachia pua nzuri." Nilimshukuru kwa dhati. Msaidizi wa daktari akamkwaruza Otilia begani kwa chanjo, akamkwaruza na mke wangu, na Otilia hakulia mpaka tulipofika mtoni, alipokumbuka.

Nyumbani nilichukua kijiti nikachakura majivu pale mzigo wangu ulipochomwa. Nguo zilikuwa zimekwisha, chumvi imegeuka jiwe jeusi. Bamba la jembe lilikuwepo, limebadilika rangi, lakini zima. Nikachonga mpini wa mninga, nikalitia, nikalisugua kwa mchanga mpaka likang'aa kingoni. Nikawaita majirani na jumbe. Nikapiga magoti mbele ya kibanda cha nyuma, nikaliweka jembe mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Mkono ukatoka, ukalishika jembe, ukalipima uzito. Kisha akatoka mzima mzima na kulivua shuka.

Uso wake ulikuwa na mashimo, mashavuni, kwenye paji, hata kwenye pua. Nyuma yangu Otilia akapaza sauti, "Mama, tazama! Bibi na Baba wamefanana!" Mke wangu akamwambia anyamaze, lakini watu walikuwa wameshacheka, na jumbe alicheka kuliko wote.

Mama mkwe hakucheka. Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kazi ya mikono yake. Akageuza kichwa kuelekea penye mlango wa jiko.

"Mtungi, muulize..." akaanza. Akanigeukia tena.

"Mwanangu, umekula?"

Nilikuwa nimekula. Nikamwambia bado.